Kujenga kiendelezi cha sodium cha PHP kwa skripti inayojikagua yenyewe

Habari zenu, karibuni. Leo tunaandika skripti itakayojenga kiendelezi cha usimbaji fiche cha PHP, yaani sodium, kuanzia kupakua msimbo chanzo hadi kukijaribu, bila mtu kukaa mbele ya terminali. Kujenga kwenyewe si kazi ngumu. Kazi ni kuhakikisha skripti inakataa kuendelea pale ambapo kitu hakijakaa sawa, kwa sababu kiendelezi hiki ndicho kinacholinda data za watu.

Kabla hujaandika chochote, endesha `php -m`. Ukiona sodium kwenye orodha, unacho tayari na huna haja ya kujenga. Sodium iliingia rasmi ndani ya PHP kwenye toleo la 7.2, mwaka 2017, toleo lile lile lililoondoa mcrypt, kiendelezi cha zamani cha usimbaji fiche, ambayo maktaba yake haikuwa imeguswa tangu 2007. Kama bado una msimbo unaotegemea mcrypt, tafadhali panga kuuhamisha.

Mimi natumia PHP niliyoijenga mwenyewe kwenye `/opt/php`, na sodium haimo. Sakinisha kwanza kompaila, make, autoconf, pkg-config na libsodium (maktaba ambayo kiendelezi cha sodium kinaitegemea) pamoja na faili zake za uendelezaji. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi hicho kinaitwa `libsodium-dev`.

Sasa fungua faili jipya, liite `jenga.sh`. Mwanzo wake ni huu:

```
#!/usr/bin/env bash
set -euo pipefail
BIN=/opt/php/bin
HAPA="$(cd "$(dirname "$0")" && pwd)"
TOLEO="$("$BIN/php-config" --version)"
KAZI="$(mktemp -d)"
trap 'rm -rf "$KAZI"' EXIT
cd "$KAZI"
```

Tuliangalie kwa makini ule mstari wa pili. Bila huo, Bash ikikutana na amri iliyoshindwa inaruka tu na kwenda kwenye amri inayofuata, na mwisho unaambiwa kazi imekamilika wakati hakuna kilichojengwa. Herufi `e` inasimamisha skripti amri ikishindwa, `u` inaisimamisha ukitaja kigeu ambacho hakipo, na `pipefail` inahakikisha kosa lililotokea katikati ya bomba (amri zilizounganishwa kwa `|`) halifichwi na amri ya mwisho. Halafu toleo hatuliandiki kwa mkono. Tunaiuliza PHP yenyewe, kwa hiyo msimbo chanzo tutakaopakua utakuwa wa toleo lile lile linaloendesha seva.

Hatua inayofuata ni kupakua na kuhakiki:

```
F="php-$TOLEO.tar.xz"
curl -fsSLO "https://www.php.net/distributions/$F"
echo "$(cat "$HAPA/hashi.txt")  $F" | sha256sum -c -
tar xf "$F"
cd "php-$TOLEO/ext/sodium"
```

Hiyo `-f` ya curl usiisahau. Faili lisipopatikana, curl bila `-f` inahifadhi ukurasa wa kosa kana kwamba ndio msimbo. Hashi ya SHA256, yaani alama inayobadilika faili likibadilika hata kidogo, unaichukua kwenye ukurasa wa upakuaji wa php.net, unaisoma kwa macho yako, kisha unaiweka kwenye `hashi.txt`. Hii ndiyo hatua pekee ninayosisitiza ifanywe na binadamu. Skripti ikijipakulia faili na hashi kutoka mahali pamoja kwa wakati mmoja, aliyeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na hashi, na uhakiki wote unabaki jina. Na zingatia nafasi mbili kati ya hashi na jina la faili. Ndivyo sha256sum inavyotarajia.

Kujenga kwenyewe ni mistari mitatu:

```
"$BIN/phpize"
./configure --with-php-config="$BIN/php-config" --with-sodium
make -j"$(nproc)"
```

Tunataja njia kamili ya phpize (inayoandaa kiendelezi kwa ujenzi) na php-config (inayotaja mipangilio ya PHP husika) kwa sababu seva nyingi zina PHP zaidi ya moja. Ukijenga na phpize ya PHP hii halafu ukapakia kwenye ile, PHP itakataa kwa onyo kwamba namba za API hazilingani. Namba hiyo unaiona phpize inapoanza: PHP 8.2 ni 20220829, PHP 8.3 ni 20230831. Inabadilika ukitoka 8.2 kwenda 8.3, ukitoka 8.3.1 kwenda 8.3.2 haibadiliki, kwa hiyo si kila sasisho linadai ujenzi mpya.

Make ikimaliza, faili liko `modules/sodium.so`. Wengi hapa hukimbilia `make install`. Subiri. Tengeneza faili la pili karibu na skripti, `jaribu.php`:

```
<?php
$k = sodium_crypto_secretbox_keygen();
$n = random_bytes(SODIUM_CRYPTO_SECRETBOX_NONCEBYTES);
$c = sodium_crypto_secretbox('siri', $n, $k);
if (sodium_crypto_secretbox_open($c, $n, $k) !== 'siri') exit(1);
$c[0] = $c[0] ^ "\x01";
if (sodium_crypto_secretbox_open($c, $n, $k) !== false) exit(2);
```

Tunachofanya ni kutengeneza ufunguo wa baiti 32 na nonsi (thamani inayotumika mara moja tu) ya baiti 24, kisha tunafunga neno "siri". Neno lina baiti 4, lakini linalotoka ni baiti 20, kwa sababu baiti 16 za mwanzo ni muhuri wa Poly1305, unaothibitisha kwamba ujumbe haujachezewa. Kwanza tunafungua na kuona kama neno limerudi lilivyokuwa. Halafu tunageuza biti moja tu ya ule muhuri na kujaribu tena. Safari hii lazima ikatae. Kiendelezi kinachofunga na kufungua vizuri lakini kinakubali ujumbe uliochezewa hakifai kuwekwa kwenye seva, na jaribio la kufunga na kufungua peke yake lisingekuonyesha hilo.

Rudi kwenye `jenga.sh` umalizie:

```
NO_INTERACTION=1 make test
"$BIN/php" -n -d extension="$PWD/modules/sodium.so" "$HAPA/jaribu.php"
mkdir -p "$HAPA/tayari"
cp modules/sodium.so "$HAPA/tayari/"
```

`NO_INTERACTION` inazuia majaribio ya PHP yasisimame kukuuliza swali usiku wa manane. `-n` inaiambia PHP isisome php.ini, ili tujaribu faili jipya bila kuchanganya na lolote la zamani.

Umeona skripti inaishia kwenye folda ya `tayari`. Ni makusudi: kompaila haina sababu ya kuendeshwa na root. Mtumiaji wa kawaida anajenga, root anasakinisha kwa amri mbili, ukiwa ndani ya folda ya skripti:

```
install -m 0644 tayari/sodium.so "$(/opt/php/bin/php-config --extension-dir)/"
/opt/php/bin/php --ri sodium
```

Tumia `install`, si `cp`. `cp` inaandika juu ya faili ambalo PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP kwenye seva) inalitumia muda huo huo na inaweza kuiangusha. `install` inaondoa la zamani na kuweka jipya. Kabla ya ile amri ya pili, kwenye php.ini ongeza `extension=sodium`, mara moja tu, kisha washa upya FPM. Amri ya `--ri` inaonyesha toleo la libsodium lililotumika kujenga na toleo linalotumika sasa. Yakitofautiana, chunguza kabla ya kuendelea.

Kwenye cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, andika njia kamili ya `jenga.sh`, maana PATH ya cron, yaani orodha ya folda inakotafuta amri, ni fupi mno.

Jambo la mwisho kabla hujaiamini. Fungua `hashi.txt`, badilisha herufi moja, endesha `jenga.sh`, kisha andika `echo $?`. Lazima upate 1, na faili lililomo kwenye `tayari` liwe na tarehe ile ile ya zamani. Rudisha herufi, kisha uharibu na `jaribu.php` kwa kufuta ule mstari wenye `^`: sasa upate 2. Ukipata 0 mahali popote kati ya hapo, usiiweke kwenye cron bado.