Ngoma ya ngozi na gitaa la umeme: nani amfuate mwenzake?

MWAJUMA: Mwangaluka wasikilizaji, karibuni. Mimi ni Mwajuma, nipo na kaka Shija, tupo Tabora mjini. Leo hatuna mgeni, tuna kazi. Vikundi vingi vya hapa, na vya Kigoma vilevile, vinapandisha ngoma za ngozi na magitaa jukwaa moja. Nyimbo mbili za mwanzo huwa tamu. Ukifika wa tano, wanamuziki wameanza kuangaliana.

SHIJA: Na lawama zote anatupiwa mpiga ngoma.

MWAJUMA: Haya, mtetee.

SHIJA: Ngozi inakunywa unyevu wa hewani, dada. Chukua mwezi wa 7 hapa Tabora. Saa kumi jioni jua limekausha kila kitu, ngozi imekaza, ngoma inalia juu. Saa nne usiku baridi imeingia, hewa imeshika unyevu, ngozi inalegea kidogo kidogo. Bila mtu kuigusa, ngoma inaweza kushuka nusu toni, hata toni nzima, kabla onyesho halijaisha. Gitaa halina habari hizo, lenyewe lipo palepale kwenye noti yake ya A.

MWAJUMA: Mji huu ni wa bendi tangu zamani. Kiko Kids ya Salum Zahoro na mandolini yake, kisha Tabora Jazz. Mbona suala hili hatulisikii kwenye bendi za dansi?

SHIJA: Kwa sababu bendi za dansi kwa kawaida zinatumia tumba za kiwandani zenye skrubu. Ikilegea, unatoa spana, unakaza, wimbo unaendelea. Ngoma ya vigingi, ile ambayo ngozi imeshikwa na vijiti vilivyopigiliwa kwenye mbao, haina spana. Ukishaiwamba, umebaki na moto tu. Ndiyo maana kazi kubwa inafanyika siku ya kuwamba, si siku ya onyesho.

MWAJUMA: Basi tuanzie kwenye ngozi.

SHIJA: Ngoma ndogo za kupiga kwa mikono, ngozi ya mbuzi. Ngoma kubwa ya fimbo, ng'ombe. Ukifika machinjioni usichukue ngozi yoyote unayopewa. Iinue juani uitazame kwa nyuma: ukiona mwanga unapita sehemu moja zaidi ya nyingine, ni kwamba mchunaji aliikwangua kwa kisu, na itachanika hapohapo. Halafu tafuta mstari wa uti wa mgongo. Huo upite katikati ya mdomo wa ngoma, usiende pembeni. Ukienda pembeni, upande mmoja utakuwa mnene, mwingine mwembamba, na ngoma itatoa sauti mbili zinazogombana.

MWAJUMA: Hiyo mimi naijua kwa sikio. Mtu anapiga pigo moja, unasikia kama inayumba.

SHIJA: Ndiyo hiyo. Sasa kuloweka. Mbuzi mkavu, maji ya baridi, usiku mmoja unatosha. Ng'ombe siku moja hadi mbili, kulingana na unene. Ukiikunja ikakunjika kama kitambaa, tayari. Na nasema maji ya baridi. Kuna watu wenye haraka wanatia maji ya moto. Ngozi ikifika nyuzi joto 60 hivi inaanza kuiva, inajikunyata, na ikikauka inakuwa ngumu na ya kukatika. Hiyo hata gundi haitaisaidia.

MWAJUMA: Kamba au vigingi?

SHIJA: Kwa kikundi kinachosafiri, kamba na pete. Pete tatu za nondo ya milimita 8, mbili juu na moja chini, na kamba isiyovutika ya milimita 4 au 5. Ngoma yenye mdomo wa sentimita 30 itakula mita 20 hivi za kamba ya wima, na ununue zaidi, maana za kukazia zinakuja baadaye. Faida yake ni kwamba miezi miwili mbele ukiona imelegea, unapitisha fundo lingine, inapanda. Vigingi vinapendeza macho na sauti yake ni nzito, lakini ikilegea moja kwa moja huna la kufanya ila kuloweka na kuwamba upya.

MWAJUMA: Kukausha?

SHIJA: Kivulini, siku tatu hadi wiki. Wakati wa masika wiki kabisa. Usiweke juani. Juani uso unakauka kwanza, kingo bado mbichi, uso unavuta kingo, unasikia "pwa!" kwenye kigingi usiku umelala.

MWAJUMA: Ngoma ikilia sana hupasuka, walisema wenyewe.

SHIJA: Na walikuwa wanaongelea ngoma kweli, si watu tu. Mbao nayo usiisahau. Mninga wa misitu yetu haupindi ovyo, ndiyo maana mafundi wanaupenda, ila uupate kwa kibali cha TFS, Wakala wa Misitu, usiniletee gogo la wizi. Chonga ukiwa mbichi, acha ukauke polepole kivulini, na zile sehemu zilizokatwa kwa kukingama, juu na chini, pakaza nta. Maji yanatoka haraka zaidi kwenye ncha, na ufa unaanzia hapo.

MWAJUMA: Nta tunayo, tena ya kumwaga. Mkoa wa asali huu. Haya, siku ya onyesho imefika. Moto unawashwa saa ngapi?

SHIJA: Nusu saa kabla ya kupanda. Moto wa nyasi kavu au makaratasi, wa kuwaka na kuisha, si jiko la mkaa. Weka mgongo wa mkono wako pale ilipo ngozi. Ukishindwa kuhesabu hadi kumi, umekaribia mno. Zungusha ngoma muda wote. Na kama kamba ni ya nailoni, elekeza uso tu kwenye moto, kamba ikae mbali, maana ikiyeyuka uzi mmoja pete nzima inateremka.

MWAJUMA: Na joto hilo linakaa muda gani?

SHIJA: Usiku wa baridi, dakika 20 hadi 40. Kwa hiyo onyesho la muda wa saa mbili unahitaji kupasha mara tatu hadi sita, na mashabiki hawatakusubiri. Njia ninayoiona bora ni balbu. Ngoma iliyo wazi chini, iinue kwenye kigoda, weka balbu ya waya ya wati 60 ndani ya mdomo wa chini, sentimita 30 kutoka kwenye ngozi. Inatia vuguvugu taratibu usiku kucha. Lakini iwe ya waya! Taa za LED zinatoa mwanga, joto lake ni dogo mno. Na balbu tatu ni wati 180, mwambie mwenye jenereta mapema.

MWAJUMA: Kuna wanaobandika nta katikati ya ngozi. Hilo ni pambo au kazi?

SHIJA: Kazi tupu. Nta iliyokandwa na unga wa mkaa, donge la ukubwa wa kizibo cha soda, unalitandaza katikati. Uzito ule unashusha sauti na kuua ule mlio mrefu wa "uuuu" unaobaki baada ya pigo. Ukitaka kushuka zaidi, ongeza. Ukitaka kupanda, kwangua kwa kucha. Ndiyo skrubu ya ngoma ya vigingi, ukitaka. Ila pasha kwanza, bandika baadaye, vinginevyo inayeyuka na kuchuruzika.

MWAJUMA: Sasa niingie mimi na magitaa yangu. Kosa ninaloliona kila mahali ni kwamba bendi inachagua ki ya wimbo, yaani noti ambayo wimbo unakalia, mazoezini, ngoma inaletwa siku ya mwisho. Ifanyeni kinyume. Pigeni ngoma kubwa, tafuta noti yake kwenye besi kwa sikio, au kwa tyuna ya simu. Simu nyingi zinahangaika na sauti nzito, kwa hiyo gonga karibu na ukingo, taratibu. Tuseme inalia A. Basi wimbo uwe kwenye A, au kwenye D, ambako A ni noti ya tano. Hapo kila pigo linamkumbatia mwimbaji. Ukiwa kwenye G shapu na ngoma inalia A, hata mwimbaji mzuri ataonekana anatoka nje.

SHIJA: Na ngoma ikishuka katikati ya onyesho?

MWAJUMA: Panga orodha kwa kushuka nayo. Nyimbo za A na D mwanzoni, za G na C baadaye. Ngoma iliyoshuka toni moja kutoka A imefika G, na nyimbo za G ndizo zinakuja. Ni hesabu ya mara moja tu, mnaandika kwenye karatasi na kuibandika sakafuni. Nashangaa vikundi vinavyopanga nyimbo kwa umaarufu peke yake.

SHIJA: Mapigo je? Huko ndiko vurugu kubwa.

MWAJUMA: Huko ndiko hasa. Ngoma zetu nyingi zinakwenda kwa mapigo madogo 12. Mpiga dramu aliyezoea dansi anasikia nne, anaweka mguu, yaani dramu ya kukanyaga, kwenye 1, 4, 7 na 10, kwa nguvu zote, na anaizika ngoma kubwa. Mwambie aondoe mguu kabisa, abaki na hai-hati, yale matasa mawili, na rimu, ukingo wa dramu. Gitaa la rithim lipige 1, 3, 5, 7, 9, 11. Hapo unapata sita juu ya nne, na ule mvuto wa kuchezesha mabega unazaliwa wenyewe. Besi isijae. Noti kwenye 1, 7 na 10 zinatosha, na ile ya 10 inasukuma kurudi mwanzo.

SHIJA: Solo?

MWAJUMA: Solo angoje. Wakati wa kuimba anajibu mwishoni mwa mstari, basi. Kwenye chemka, pale wimbo unapopamba moto, afungue, lakini achukue mkato wake kutoka kwa ngoma ndogo, asije na mikato aliyoitoa kwenye video. Mazoezini anzeni taratibu, metronomu ya simu kwenye 90, ikitulia ndipo mpande. Mkianza na kasi ya jukwaani, kila mtu anajificha kwenye kelele.

SHIJA: Mitambo. Mikisa ya njia 8, mashine ya kuchanganya sauti, ambayo ndiyo vikundi vingi wanakodi.

MWAJUMA: Mwimbaji mkuu njia moja. Waitikiaji wote maiki moja, wasimame nusu duara, sentimita 30 kutoka kwayo. Ngoma kubwa moja, ndogo mbili zigawane moja, njuga za wachezaji moja. Solo, rithim, besi. Nane zimekwisha. Ukibanwa, ondoa rithim, ampu yake jukwaani inatosha ukumbi mdogo.

SHIJA: Maiki ya ngoma ndogo iwe sentimita 5 juu ya ukingo, imelala kuelekea katikati. Ngoma kubwa, iweke chini kwenye mdomo wazi. Usiweke juu na chini kwa pamoja bila kubonyeza kitufe cha kugeuza fezi kwenye mojawapo, kwa sababu ngozi inapoikimbia maiki moja inaisogelea nyingine, zinafutana, na ngoma kubwa inageuka debe.

MWAJUMA: Hilo la debe mafundi mitambo wengi wanalitibu kwa kuongeza besi kwenye spika. Wanaongeza, wanaongeza, hadi gitaa la besi halisikiki. Kwenye maiki za waimbaji kata sauti nzito zote chini ya hezi 80 au 100, kitufe kipo kwenye mikisa nyingi. Hiyo pekee inasafisha nusu ya tope.

SHIJA: Na spika za jukwaani zisitazame maiki usoni. Ziwe nyuma ya maiki, pale mwimbaji anapotazama. Ikianza kupiga yowe, shusha spika ya jukwaani kwanza, usikimbilie ya watazamaji.

MWAJUMA: Njuga je? Huwa hazisikiki kabisa.

SHIJA: Maiki kwenye stendi fupi, sentimita 30 juu ya mbao, inatazama miguu. Na wachezaji wajue mpaka wao, wasiipige teke.

MWAJUMA: Kuna swali limekuja kutoka Ujiji, kule Kigoma. Kikundi kinapanda treni kuja kupiga huku kwetu na kurudi, na ngoma zao kila mara zinafika zimebadilika.

SHIJA: Lazima zibadilike. Kigoma ipo ziwani, mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ina maji. Sisi tupo mita 1,200 na kitu, kiangazi hewa yetu ni kavu. Ngoma iliyowambwa Kigoma ikifika hapa inakaza, na kama ilikuwa imekazwa hadi mwisho, inaweza kupasuka humohumo kwenye behewa. Kwa hiyo kabla ya kupanda legezeni fundo moja au mawili. Zifungeni kwenye shuka au blanketi, si mfuko wa nailoni, maana mfuko unafungia unyevu na ngozi inaota ukungu. Mkifika, zikae mahali zitakapopigwa kwa saa kadhaa, kisha ndipo mkaze.

MWAJUMA: Na wakirudi?

SHIJA: Kinyume chake, zitalegea. Waongeze fundo wakifika, wasipake mafuta ya kupikia kama wanavyofanya wengine. Mafuta yanaua mlio na yanaita panya.

MWAJUMA: La mwisho, ngozi za plastiki. Wengine wanaona ni aibu.

SHIJA: Mimi sioni aibu kwa ngoma moja. Masika yakichanganya pale Kigoma, weka plastiki kwenye ngoma ndogo inayoshika mapigo yote 12, ili wengine wawe na pa kushikilia. Ngoma kubwa iache na ng'ombe wake.

MWAJUMA: Na mtu wa besi atafute noti kwa ile kubwa, si kwa plastiki.

SHIJA: Kwa ile kubwa. Plastiki haishuki, itamdanganya.

MWAJUMA: Tutumieni sauti za ngoma zenu kwa WhatsApp, pigo moja moja, karibu na ukingo, bila muziki mwingine nyuma. Wiki ijayo tutazisikiliza na kuwapangia ki.