Haki ya dishi ninayo, mawimbi ndiyo sina

Habari zenu wadau, karibuni tena Köln, Ujerumani. Leo nimetoka nje na baridi hii kwa sababu ya swali moja. Kila nikipitisha kamera kwenye roshani za mtaa huu mnaona madishi, ghorofa kwa ghorofa, halafu mnanivaa: "Kaka, na wewe si ufunge lako ushike Azam TV ya nyumbani?" Kuna mdau ameshaahidi hadi kunitumia kisimbuzi. Ahsante sana, ila kisimbuzi hicho usikinunue bado, nisikilize kwanza.

Haya madishi mengi ni ya Waturuki. Tazama yalivyogeukia upande mmoja, kusini-mashariki, yanaifuata setelaiti yao, Türksat, iliyoko nyuzi 42 mashariki. Na msidhani walipewa kwa hisani. Wenye nyumba wa huku hawataki dishi ukutani, wanasema linaharibu sura ya jengo. Mpangaji mmoja Mturuki alilifikisha suala hilo hadi Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, na mwaka 1994 ikaamuliwa kwamba haki ya kupata habari inagusa pia stesheni za kwao alikotoka, kwa hiyo haki hiyo lazima ipimwe na maslahi ya mwenye nyumba, isipuuzwe.

Sweden ilikuwa kali zaidi. Familia moja yenye asili ya Iraq, pale Rinkeby, Stockholm, ilipoteza nyumba ya kupanga kwa sababu ya dishi. Walitaka stesheni za Kiarabu na Kiajemi, basi. Mwaka 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikawapa ushindi, na kilichonifurahisha mimi ni hiki: majaji walisema haki hiyo haiishii kwenye taarifa za siasa, hata utamaduni na burudani tupu vimo. Kwa hiyo anayekucheka kwamba unalilia tamthilia na mpira, mwambie imeshaamuliwa mahakamani.

Sasa mtasema, si na wewe una haki? Ninayo. Mawimbi ndiyo sina.

Setelaiti ya televisheni imekaa juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka chini, inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana dishi ukishalifunga hulihamishi. Lakini haimwagi mawimbi kila mahali. Ni kama tochi: inamulika pale ilipoelekezwa. Azam wanarusha kutoka nyuzi 7 mashariki, na hapa ndipo panapouma, maana Köln nayo iko nyuzi 7 mashariki. Nikisimama hapa nikatazama kusini moja kwa moja, iko pale, mbele ya uso wangu! Ila mawimbi ya Azam yamemulika Afrika. Kutoka nyuzi hizohizo, kwa miaka mingi, Digiturk, televisheni ya kulipia ya Uturuki, imekuwa ikishikwa Ulaya. Wao walilipia mwanga wa huku, kwa sababu wateja wao wamejaa huku. Sisi tuko wangapi? Na haki za mpira na filamu huuzwa nchi kwa nchi, sasa kampuni gani itagharamia kufika mahali ambapo hata ruhusa ya kuuza haina? DStv hadithi ni ileile.

Imebaki intaneti. Azam Max ipo, unalipia, unatazama Ligi Kuu kwenye simu. Citizen ya Kenya unaipata mubashara YouTube bure. Nashukuru. Lakini dabi ya Kariakoo kwa intaneti ni mateso, jamani! Picha inaweza kuchelewa nusu dakika au zaidi. Mpira uko katikati ya uwanja, simu inaanza kutetemeka: kundi la familia WhatsApp, shangazi yupo Tabata na dishi lake, ameshaandika GOOOLI. Shangazi, nakuomba mbele ya watu wote hawa, subiri hata dakika moja.

Wazee wetu waliotangulia huku hawakuwa na shida hiyo. Redio ya masafa mafupi haiulizi uko nchi gani: wimbi linapanda, linagonga tabaka la juu la anga, linarudi chini maelfu ya kilomita mbali. Wapenzi wa redio Ulaya wameinasa Zanzibar kwa miaka mingi kwenye kilohezi 11,735, taarabu na taarifa ya habari, kwa redio ndogo na waya umetundikwa dirishani. Hakuna kifurushi, na mwenye nyumba wala hajui. Sauti inakuja inapotea, kweli, ila hakuna aliyewahi kuambiwa "maudhui haya hayapatikani katika nchi yako".

Ninyi wa Muscat, nina swali lenu. Huko madishi yanatazama setelaiti za Waarabu, Nilesat na Arabsat, na nyumba nyingi Kiswahili ndicho cha jikoni. Ya nyumbani mnashika kwa njia gani? Niandikieni hapo chini. Na kisimbuzi mdau, uzito huo niwekee dagaa.