Mkono wa Kushoto wa Tom Jobim

Mabibi na mabwana, nimelisema jambo hili mara nyingi na leo nalirudia: muziki wa Antônio Carlos Jobim, yaani Tom Jobim, mtunzi na mpiga piano wa Brazil, haukutungwa ili usikike kwa mbali hotelini wakati watu wanakunywa chai. Anayeuita muziki wa kubembelezea usingizi amemfuata mwimbaji peke yake, akauacha mkono wa kushoto wa mpiga piano, unaopiga sauti za chini, nao ndio uliobeba mzigo.

Chukueni "Samba de Uma Nota Só", yaani "Samba ya Noti Moja", wimbo alioutunga pamoja na Newton Mendonça, rafiki yake wa tangu ujanani. Mwimbaji anaanza na noti moja, anairudia, anairudia tena, kama mgeni anayebisha hodi bila kuchoka. Huku chini, sauti zinazoisindikiza zinateremka nusu toni kwa nusu toni, yaani kwa hatua ndogo kabisa za piano, na kila zinaposhuka noti ileile inabadilika ladha: mara imetulia, mara inachoma, mara inalilia kufunguliwa. Noti imesimama palepale; sakafu ndiyo inayohama. Mendonça alifariki mwaka 1960 akiwa na miaka 33, miaka miwili kabla bossa nova, mtindo huu wa akina Jobim uliozaliwa na samba, haijapanda jukwaa la Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa New York, na inaniuma kila jina lake linaporukwa.

Kuna atakayeniuliza kama usomi huu wa bossa nova haukuwapokonya watu weusi wa Rio de Janeiro samba yao. Swali ni la haki. Samba ililelewa na watu weusi, wengi wao wenye asili ya Bahia, katika nyumba kama ile ya Tia Ciata, mama wa Kibahia aliyewakaribisha wanamuziki kwake Rio, na mpigo ambao João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa bossa nova, aliuhamishia kwenye gitaa unatoka katika ngoma zao. Deni hilo litajwe kila bossa nova inapotajwa. Lakini Jobim hakuvamia samba kama mgeni. Kabla ya umaarufu alijipatia riziki kwa kupiga piano katika vilabu vya usiku, na kwa kuwaandikia noti watunzi wasiojua kuziandika, akiinamia nyimbo za wenzake kipande kwa kipande.

Kuhusu Vinicius de Moraes, mshairi aliyemwandikia Jobim maneno ya nyimbo, albamu ya mwaka 1967 pamoja na Frank Sinatra, mwimbaji wa Marekani, na wimbo wake "Águas de Março" wa mwaka 1972, muda hauniruhusu. Naomba fundi mitambo atupigie wimbo ule wa noti moja, nanyi msimfuate mwimbaji. Sikilizeni huku chini.