Unene Ndio Unaoumbua: Kuunda Vifaa vya Sitaha vya Manowari ya Skeli

Mhadhara uliotolewa Mwanza, umeandikwa kama ulivyosemwa

Wazee wetu, shikamooni. Vijana na akina dada, habari za jioni.

Leo tunaunda manowari ndogo ya mfano. Mezani hapa kuna vipande viwili vya reli ya sitaha, yaani uzio wa ukingoni mwa sakafu ya juu ya meli. Vipitisheni mkono kwa mkono, taratibu, msivibonyeze. Kimoja kimeundwa kwa pini za mshonaji na uzi, kingine kwa waya wa shaba wa kusukia mota. Hata asiyewahi kupanda meli atachagua cha pili, na ukimuuliza kwa nini atakujibu tu, "Hiki kinafanana." Kinachomshawishi ni unene. Pini ya mshonaji ina milimita 0.6 hivi. Kwa skeli ya 1:100, yaani meli halisi ikipunguzwa mara mia, hiyo ni nguzo ya sentimita 6, yaani mti wa kujengea banda la kuku. Kiguzo cha reli melini kina kama sentimita 3. Jicho halikupiga hesabu, lakini limeshakataa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, gawanya. Meli tutakayoitumia leo ni Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikamalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Tumeichagua kwa sababu vipimo vyake vinajulikana: urefu mita 115.3, upana mita 13.2, mizinga 10 yenye tundu la sentimita 10.5. Kwa 1:100 unapata meli ya sentimita 115.3 kwa 13.2, na hesabu unaifanya kichwani: kila sentimita ya meli ni sehemu ya kumi ya milimita kwako. Anayetaka 1:200 agawe tena kwa mbili, na ajue kwamba nusu ya tutakayosema hataweza kuyafanya kwa mkono.

Sasa tazameni vitu vya nyumbani kwa jicho hilo. Kadi ya benki ina milimita 0.76, kwa hiyo kwenye skeli yetu ni bamba la chuma la sentimita 7.6. Wengi hukata kuta za vyumba vya sitahani kwa kadi, ukuta unatoka mnene kuliko ngao ya mzinga! Karatasi ya ofisi ya gramu 80 ina milimita 0.1, sawa na bamba la sentimita 1. Bati la kopo la soda ni 0.1 hivi pia. Ngao za mizinga ya Königsberg zilikuwa na milimita 50, kwa hiyo tunahitaji 0.5, nazo ni karatasi tano zilizogandishwa pamoja kwa gundi nyeupe ya mbao. Kama ngao ina mkunjo, zikunje karatasi zikiwa bado mbichi juu ya chupa, uzifunge kwa mpira, ziache mpaka kesho yake. Ukisubiri zikauke ndipo uzikunje, zitaachana tabaka.

Turudi kwenye reli, maana ndiyo inayoua watu wengi.

Waya tunaupata kwa mafundi wanaosuka mota. Wanauuza kwa geji, yaani namba ya unene, na kila namba ya geji ya Kiingereza (SWG) ina kipimo chake hasa: namba 30 ni milimita 0.315, namba 36 ni 0.193. Namba 30 inakuwa viguzo, namba 36 inakuwa mistari ya mlalo. Tatizo la kwanza: waya huo umepakwa vanishi, na lehemu haishiki juu ya vanishi hata ukiibembeleza. Upitishe kwenye msasa laini uliokunjwa, ukivuta na kuuzungusha, mpaka rangi igeuke kutoka kahawia kuwa ya waridi. Tatizo la pili: umetoka kwenye bobini, una mawimbi. Usiunyooshe kwa vidole. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, vuta kipande cha sentimita 50 mpaka usikie umelegea kidogo mkononi, basi. Umenyooka kama mshale, na shaba ikivutwa hivyo inakakamaa, haipindi ovyo tena. Ukikatika, mara nyingi umekatikia pale msasa ulipouchimba. Punguza mkono kwenye msasa kabla ya kulaumu waya.

Kisha kalibu. Chukua kipande cha ubao laini, chora kwa wembe mistari mitatu ya mlalo, ya juu kabisa ikiwa milimita 10 kutoka ukingo wa sitaha, nyingine mbili zikiigawa nafasi hiyo sawasawa. Halafu kata mistari ya wima kila baada ya milimita 15. Waya ukilala ndani ya mkato hauhami. Viguzo ukate milimita 14, siyo 10. Zile 4 za ziada ndizo miguu itakayozama kwenye sitaha. Anayekata 10 kamili akidhani atagandisha kwa supaglu juu ya sitaha, reli yake itang'oka siku ya kwanza mtoto akipitisha kitambaa cha vumbi.

Hesabu: tuseme meli nzima ina sentimita 200 za reli. Gawa kwa 1.5, unapata viguzo kama 133. Kata 150, kwa sababu vinaruka. Kimoja kikikurukia ndani ya zulia, kiache.

Kulehemu. Pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, flaksi kidogo (dawa inayofanya lehemu ishike) kwa kijiti cha meno, na lehemu iliyokatwa vipunje mithili ya punje za ulezi, kipunje kimoja kwa kila makutano. Gusa, hesabu moja, ondoa. Kosa la kawaida ni vinundu. Kinundu hutokea kwa sababu mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti. Kikiwa kinang'aa na mviringo, lehemu ilikuwa nyingi. Kikiwa kimefifia na kina chembechembe, pasi haikuwa na moto wa kutosha au uliondoa mapema. Msichanganye, maana anayeongeza moto wakati shida ni lehemu nyingi anaishia kuachanisha kiungo cha jirani. Shaba hupitisha joto haraka sana: ukigusa kiguzo cha tano, cha nne kinaweza kulegea. Kwa hiyo usiende kwa mfuatano. Lehemu cha kwanza, cha tano, cha tisa, kisha rudi katikati, na uweke kipande cha tishu chenye maji juu ya viungo vilivyokwisha.

Vinundu vidogo sana viacheni. Viguzo vingi vya meli halisi vilikuwa na vifundo vya mviringo pale fito zinapopita, kwa hiyo hapo uzembe kidogo unalipa.

Ukimaliza, osha. Sabuni, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani. Flaksi iliyobaki ina asidi, na baada ya wiki chache utaona ukijani ukichomoza chini ya rangi, halafu rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Watu hulaumu rangi.

Mizinga. Mtutu wa Königsberg ni wa L/40, yaani urefu wake ni mara 40 ya kipenyo cha tundu: 10.5 mara 40 ni sentimita 420. Kwetu ni milimita 42, na tundu ni 1.05. Vijana wengi wataenda kwa kijiti cha mishikaki. Kinafaa kwa mlingoti, ingawa mianzi ina nyuzinyuzi zinazosimama ukipaka rangi. Kwa mtutu hakifai, kwa sababu huwezi kutoboa tundu la milimita moja katikati ya mwanzi. Drili itafuata nyuzi na kutokea ubavuni.

Nendeni duka la dawa za mifugo. Kwa Usukuma halikosekani. Ombeni sindano ya ng'ombe namba 16, mpya, iliyofungwa. Unene wa nje ni milimita 1.65, tundu 1.19. Tundu linazidi kwa 0.14, nalo hilo halionekani ukiwa umesimama. La namba 18 lina 0.84, linapungua kwa 0.21, mtutu unaonekana umezibwa. Msiokote sindano zilizotumika, hata kama ni za bure na hata kama mtazichemsha.

Ncha ya sindano iondolewe kwanza. Usiikate kwa koleo, itajibana na tundu litafungika. Ichore mzunguko kwa ukingo wa tupa ndogo mpaka uone alama pande zote, kisha ivunje. Sindano nyingi za aina hiyo hazifiki milimita 42, kwa hiyo nyuma ongezea waya geji 19 wenye milimita 1.02, unaingia ndani ya tundu na kushikwa na supaglu. Mdomoni hauonekani.

Sasa unene. Mtutu hunenepa kuelekea kitakoni, na hapa karatasi inashinda chuma kama huna mashine ya kukereza. Tuseme picha inakuonyesha kitako cha milimita 3.5. Unahitaji karatasi ya urefu wa milimita 75 ya kuzungushia: kipeo cha pili cha 3.5, yaani 3.5 mara 3.5, ni 12.25, toa kipeo cha pili cha 1.65 ambacho ni 2.72, zidisha kwa 0.785, gawa kwa unene wa karatasi, 0.1. Kata pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja 42, mwingine 75, anza kusokota kwa upande wa 42 ukiwa umelala sambamba na sindano, gundi ikiwa nyembamba kama maji ya ugoro. Lakini angalieni: ukikata mshazari ulionyooka, mtutu utanenepa haraka karibu na mdomo kisha utulie, unatoka na umbo la karoti iliyoliwa ncha. Ni kwa sababu tabaka moja kwenye kitu chembamba huongeza kipenyo kwa karatasi fupi sana. Kwa hiyo mshazari uwe na bonde kidogo kwa ndani, kama ukingo wa tanga. Ukishakauka, loweka nje kwa supaglu, karatasi inakuwa ngumu, unaipiga msasa kama mbao. Pete za mtutu ziongezwe baadaye kwa vipande vyembamba vya karatasi hiyohiyo.

Tengeneza 12, chagua 10 zinazolingana. Ziko mbili juu ya sitaha ya mbele ubavu kwa ubavu, tatu kila upande katikati, mbili nyuma. Hizo za jozi ndizo zinazoumbuka zikitofautiana. Na anayetaka kupiga picha mzinga halisi kwa kila pembe, mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus. Ila ule wa Königsberg ulishatolewa melini na kupelekwa vitani nchi kavu. Upime mtutu, kigari chake cha nchi kavu usikifuate.

Mabomba ya hewa, yale yenye mdomo kama tarumbeta. Mdomo ni nusu tufe, na kalibu yake iko kwa fundi baiskeli: gololi za gurudumu la nyuma ni milimita 6.35, za mbele 4.76. Ukubwa miwili bila kuchonga kitu. Kwa gololi ya nyuma kata duara la milimita 9 kutoka kwenye kopo la soda; kwa ya mbele, 6.7. Piga msasa rangi ya kopo itoke.

Bati la kopo ni gumu, ukilisukuma hivyo lilivyo litapasuka. Lilainishwe kwa moto. Paka sabuni ya mche kavu juu yake, pitisha chini mwali mdogo. Sabuni ikigeuka nyeusi, toa mara moja. Aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, ndiyo maana tunamwachia sabuni kazi ya kutuambia. Kisha liweke juu ya soli ya kandambili, gololi juu, gonga kidogo kidogo mpaka liwe kisahani. Ndipo ulihamishie kwenye tundu lililotobolewa kwenye mbao ngumu, milimita 6.6 kwa gololi ya nyuma. Likijikunja ukingoni kama sketi, acha kugonga, lilainishe tena, endelea. Mikunjo hutokana na haraka tu.

Shingo ni kijiti cha pipi cha plastiki, kichwa chake kikichongwa kufuata mviringo wa tufe. Pengo lizibwe kwa supaglu na poda ya watoto: nyunyiza poda, dondosha gundi, inakauka palepale, inapigwa msasa. Ila supaglu huku ziwani, hewa ikiwa na unyevu, hutoa ukungu mweupe unaotua juu ya rangi nyeusi na plastiki angavu. Vioo vya madirisha ya mviringo vibaki kwa gundi nyeupe ya mbao, tone moja ndani ya tundu, linakauka likiwa kioo.

Kamba za mlingotini: uzi wa polista uliopitishwa kwenye nta, milimita 0.2 kwa kamba ya sentimita 2. Nta hulaza manyoya. Mshipi wa kuvulia wa Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, unavutia kwa wembamba, lakini unang'aa, na nailoni inalegea unyevu ukipanda. Mnyororo wa nanga, sonara atakupa mkufu. Hapo hatuna la kuongeza.

Reli ifungwe mwisho kabisa, baada ya mizinga, mabomba na kamba. Anzia katikati ya meli kwenda ncha mbili, kwa sababu mkono wako ukiwa unafunga ya mbele haupaswi kupita juu ya ya nyuma. Matundu ya miguu yatobolewe kwa kuweka kalibu yenyewe juu ya sitaha kabla ya rangi.

Pasi imeshapata moto. Sogeeni mezani, watatu watatu, na aanze yule mwenye mkono mzito.