Buster Keaton na ukuta wa tani mbili

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Naanza na tukio moja la filamu ya mwaka 1928.

Kimbunga kinavuma. Mtu mfupi amezubaa mbele ya nyumba. Nyuma yake ukuta mzima wa mbele unabanduka na kumwangukia. Hapondwi, kwa kuwa pale aliposimama limeshukia dirisha lililo wazi. Ukuta ule haukuwa wa maboksi. Ulikuwa na uzito wa takribani tani mbili, na kati ya dirisha na mabega yake zilibaki inchi chache tu.

Huyo ndiye Buster Keaton wa Marekani, mwigizaji na mwongozaji. Alizaliwa mwaka 1895 huko Piqua, Kansas, kwa wazazi wasanii waliozunguka mji hadi mji. Tangu utotoni baba yake alimrusha huku na huko jukwaani watu wacheke. Ndiko alikojifunza kuanguka bila kuumia, na akagundua kwamba asipocheka yeye, watazamaji hucheka zaidi.

Mwaka 1917 mjini New York, mchekeshaji wa filamu Roscoe Arbuckle alimwingiza kwenye filamu. Keaton aliazima kamera, akaifungua kipande kwa kipande aone inavyofanya kazi. Hapo ndipo ninapomwona mwongozaji. Kwake kichekesho kilikuwa hesabu: kamera ikae wapi, mtu asimame wapi, kitu kianguke lini. Hakupenda kukatakata picha, ili mtazamaji aone mwenyewe kwamba jambo limetendeka kweli. Katika filamu ya The General ya mwaka 1926 aliangusha treni halisi mtoni huko Oregon, kwa gharama ya zaidi ya dola 40,000. Wakosoaji wengi waliiponda filamu hiyo. Leo ni miongoni mwa zinazoheshimiwa kuliko zote za enzi ya kimya, yaani kabla filamu hazijawa na sauti.

Mwaka 1928 alisaini mkataba na MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood. Wanaosema ujio wa sauti ndio uliommaliza, mimi siwaungi mkono. Sauti anayo, isikilizeni. Alichonyang'anywa ni uamuzi: yeye na wenzake walizoea kubuni papo hapo, sasa kila kitu kiandikwe na kupitishwa na wakubwa. Pombe ikamzidi, na mwaka 1933 akafukuzwa. Baadaye alirudi kampuni ileile kuwatungia wengine vichekesho, kwa ujira mdogo. Inaniuma kila ninapolisimulia hili. Alifariki Februari 1966.

Sasa naomba taa zizimwe tuutazame ukuta ule. Msiutazame ukuta wenyewe. Itazameni miguu yake.