Cheti cha Ubatizo Mezani kwa Paroko

Tumsifu Yesu Kristo! Na ndugu zetu wa KKKT na Moravian: Bwana Yesu asifiwe!

Kwetu Iringa na Mbeya, suala la umoja wa Wakristo hubisha hodi siku binti wa Kikatoliki anapochumbiwa na kijana wa Kilutheri. Basi nianzie hapo.

Sheria ya Kanisa ya 1917 iliikataza vikali ndoa hiyo. Hata kibali kikitoka, wote wawili waliahidi kwamba watoto wote watabatizwa Kikatoliki, na Misa hakuna. Mkatoliki akifungishwa ndoa na mchungaji, alitengwa. Mwaka 1928 Papa Pius XI alikataza hata mikutano ya umoja: Wakristo wengine warudi Kanisa Katoliki, basi.

Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia, ulipitisha hati ya umoja wa Wakristo kwa kura 2,137 dhidi ya 11. Ilikiri kwamba aliyebatizwa kihalali ana ushirika na Kanisa Katoliki, ingawa haujakamilika. Tangu hapo paroko anauliza: huyu kabatizwaje?

Kwa hiyo lete cheti. Maji, na jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, vikiwepo, Mlutheri habatizwi tena. Kumbatiza upya "kwa usalama" ni kosa. Anayetoka kanisa linalobatiza kwa jina la Yesu pekee achunguzwe mapema, kwa sababu ubatizo usipokuwa halali kinahitajika kibali kingine, na bila hicho ndoa ni batili.

Siku hizi anayeahidi kuhusu watoto ni Mkatoliki peke yake, tena kadiri ya uwezo wake. Mwenzake anaarifiwa tu. Wakwe wanaomshinikiza kijana wa Kilutheri atie sahihi ahadi hiyo wanadai kisichodaiwa.

Mnataka kufungia usharikani, yaani katika kanisa la Kilutheri? Inawezekana, ila askofu aombwe kwanza. Hapa ndipo wengi hukwama: kadi zimesambazwa, ukumbi umelipiwa, barua haijaandikwa. Wakifunga hivyo hivyo, kwa Kanisa Katoliki hiyo si ndoa. Wala msifunge asubuhi usharikani na mchana parokiani. Kiapo ni kimoja. Mchungaji anaweza kualikwa asome Neno na kuwaombea.

Mezani pa Bwana bado hatujafika. Tamko la 1999 kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi Mungu anavyomfanya mwenye dhambi kuwa mwenye haki, tulilitia sahihi pamoja na Walutheri, lakini Komunyo bado haitolewi kwa wote. Ndiyo maana mwongozo wa Vatikano wa 1993 kuhusu umoja wa Wakristo unataka ndoa hizi kwa kawaida zifungwe bila Ekaristi, na mimi naafiki: upande wa bibi harusi ukienda kukomunika, ukoo mzima wa bwana harusi unabaki kwenye mabenchi.