Mji Ukihama, Kumbukumbu Hubaki kwa Nani?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie Chole, kisiwa ambacho najua wengi hapa Moshi hamjakifika. Kimo ndani ya ghuba, mashariki ya kisiwa kikuu cha Mafia. Mgeni akishuka mashuani hukutana na magofu: kuta za gereza la Wajerumani, nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi, mizizi ya miti imepenya katikati ya mawe. Hupiga picha, akaondoka akisema mji huu ulikufa. Haukufa. Ulihamishwa.

Wajerumani waliipata Mafia mwaka 1890, pamoja na pwani ambayo Sultani wa Zanzibar alilipwa marki milioni 4. Makao ya utawala yakawa Chole. Lakini kina cha maji pale hakikufaa meli kubwa, na mwaka 1913 serikali ikahamia Kilindoni, upande wa magharibi. Habari hii ninyi mnayo ya kwenu. Boma la Wajerumani lilikuwa kule juu, Old Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika huku chini mwaka 1911, mji ukaifuata. Serikali ni ile ile, na kilichoamua huku na kule ni usafiri wa mizigo. Ndiyo maana sikubali kabisa nikisikia kwamba wenyeji hawakujali historia yao. Wao hawakuhama. Walioondoka ni makarani na wenye maduka, wakaondoka na madaftari yao.

Sasa tuvuke hadi Juani, kisiwa jirani, penye magofu ya Kua. Huu ulikuwa mji mkubwa, wenye jumba la kifalme na misikiti, mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walipokuja kwa ngalawa kutoka Madagaska wakauteketeza. Walionusurika walianza upya, na Chole ikainuka.

Lakini simulizi ya kale haianzii kwa Wasakalava. Inaanzia Kisimani, mji uliokuwa ncha ya magharibi ya Mafia, ambao sehemu kubwa yake imeliwa na bahari. Yasemwa watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua karamuni, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani na kulishusha jahazi majini juu ya miili yao. Kua wakanyamaza. Miaka ikapita, nao wakawaalika Kisimani arusini, ndani ya chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja wa kuwashughulisha wageni. Mlango ukajengewa kwa mawe, na mzee yule yumo humo.

Msiniulize mwaka. Naiheshimu simulizi hii kwa sababu imehifadhi kitu ambacho ukuta hauwezi kukisema: kwamba miji hii miwili ilichukiana, na kwamba Kua yenyewe haikujitoa katika lawama. Jamii inayosimulia ubaya wake yenyewe, mimi naiamini.

Vita vya Kwanza vya Dunia nitavipitia upesi. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakarusha ndege kutoka huko kuisaka manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha delta ya Rufiji, na Julai ikaangamizwa. Hayo yameandikwa sana.

Yasiyoandikwa ndiyo yananiumiza. Old Moshi wenyeji bado wanauonyesha mti aliponyongewa na Wajerumani Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, mwaka 1900, na ni haki yake. Lakini soko la wakati ule lilikuwa wapi? Akina mama walishuka kwa njia ipi, na walipumzika wapi? Chole ni hivyo hivyo: gereza linajulikana, lakini kisima walichochota wafungwa kinajulikana na wachache.

Kwa hiyo vijana, nina ombi. Mkienda kwa bibi na babu likizo hii, msiulize "historia". Ombeni mpelekwe kwa miguu. Kila penye jina, andikeni jina hilo, aliyewatajia, na yeye alilisikia kwa nani. Wazee wakitofautiana, andikeni yote mawili, msichague.

Karibuni kwa maswali, na ningependa wazee wa Old Moshi waanze.